Mkaja Kifuani

Jumamosi, 25 Januari

Rahma kaja saa nne, kama kila Jumamosi, na daftari lake la uuguzi. Mtihani wiki ijayo. Nimemsimamisha mbele ya kabati la kioo na kumwambia afunge kitabu, ajipapase mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyosomesha miaka thelathini. Mtulinga wa kushoto, mtulinga wa kulia. Kidari katikati. Kisha mbavu, jozi kumi na mbili, zote zimeshika uti wa mgongo kwa nyuma. Saba za kweli, kila moja ina gegedu lake linalofika kidarini. Tatu za uongo, zinaegemea gegedu la ile ya saba. Mbili zinaelea, mbele hazikushika kitu.

Kakosea kwenye za uongo. Nikamrudisha mwanzo. Mjukuu si mjukuu tukiwa kwenye somo.

Nilipomwambia kwamba mwanamme na mwanamke wana mbavu sawasawa, babu yake, Baba Asha, akadakia kutoka barazani kwamba yeye anayo moja pungufu na aliyeichukua yumo humu ndani. Anasema hivyo kila mwaka. Rahma kacheka mpaka kakaa chini. Na mimi nimecheka, ingawa nilijidai kukunja uso.

Bati la juu ya ukumbi bado linavuja, tangu mvua za vuli. Nimemwambia Baba Asha mara ya nne. Nikaongeza kwamba anaiamsha mitaa mitatu kwa adhana ya alfajiri lakini nyumba yake mwenyewe imemshinda. Kasema Jumatatu atapanda.

Jumatatu, 27 Januari

Ameanguka.

Nilikuwa jikoni namenya muhogo. Nilisikia ngazi kwanza, kisha yeye. Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ya pumzi kumtoka, basi. Ngazi iliteleza kwenye ukoga wa uani, naye akaangukia ukingo wa birika la saruji, ubavu wa kushoto. Umri wake miaka sitini na nane. Seremala mzima, miaka arubaini juu ya ngazi, kaja kuangushwa na ukoga wa kwake.

Nilimlaza ukumbini. Nikampapasa kama ninavyosomesha: pale kidari kinapofanya kinundu kuna ubavu wa pili, unateremka kutoka hapo. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, kimya. Wa saba, akanishika mkono. Wa nane, nilisikia mfupa unasagika chini ya kidole changu. Sikumwambia.

Hospitali hataki. Watamlaza, anasema, na alfajiri ataadhini nani? Nilipaswa kumburura. Lakini nilikuwa nasikia maneno yangu mwenyewe ya Jumamosi, na nilitaka mno mikono yangu ifanye kitu.

Nikafungua kasha, nikatoa mkaja wa marehemu mama. Kitambaa cha marikani nyeupe, laini kwa kufuliwa. Mama alinifungia tumbo kwa mkaja huo kila nilipojifungua, mara tatu, na mimi nikamfungia Asha alipomzaa Rahma. Nimemfunga Baba Asha kifuani, mizunguko mitano. Nilimwambia atoe pumzi yote, ndipo nikakaza.

Maumivu yakapungua papo hapo. Kaniambia, "Mwalimu, mkono wako dawa." Kalala.

Jumanne, 28 Januari

Usiku hakuugulia. Nimejisikia mtu wa maana.

Wifi yangu Mwanahawa kafika asubuhi kutoka Makunduchi, dada wa mwisho wa Baba Asha. Huko kwao yeye ndiye anayewafunga wazazi mikaja. Mwanamke akijifungua anaitwa yeye, hata kabla ya shangazi. Mkaja ulikuwa umelegea, nikamwomba anishikie ncha nivute. Kasita. Kasema yeye hufunga tumbo, kifua hajapata kufunga. Kauliza kaka atavutaje pumzi.

Nilimwambia mimi haya nimeyasomesha miaka thelathini. Kashika ncha. Nikavuta.

Kaondoka baada ya Adhuhuri. Kaniachia muhogo na mchicha.

Jumatano, 29 Januari

Nimegombana na Rahma.

Kaja kumwona babu yake, kaona kitambaa, uso ukambadilika. Kasema chuoni wamefundishwa kwamba mbavu zikivunjika hazifungwi siku hizi. Mgonjwa apewe dawa ya maumivu, avute pumzi hadi chini, akohoe, makohozi yatoke, kwani yakikaa ndani pafu linaoza. Kayasema kwa adabu. Kaniita Bibi mara tatu katika sentensi moja.

Nilimjibu vibaya. Kwamba mtu aliyekosea mbavu za uongo Jumamosi asije kunisomesha Jumatano. Kwamba mbavu nimezijua kabla mama yake hajaolewa. Kaondoka bila ya kunywa chai. Baba Asha kauliza mtoto kaenda wapi. Nikasema ana kipindi.

Alhamisi, 30 Januari

Alfajiri kaadhini mtu mwengine. Kijana wa nyumba ya pili, sauti ya puani. Baba Asha kasikiliza, macho juu darini.

Ijumaa, 31 Januari

Hakwenda msikitini Ijumaa. Mara ya kwanza tangu tuoane, isipokuwa labda mara ile ya surua.

Ana joto kidogo. Anataka kukohoa na mimi namzuia, nahofia atajitonesha. Nimemwambia abane. Anabana. Mtiifu huyu mtu, siku zote mtiifu kwangu.

Nimeukaza tena mkaja jioni, peke yangu.

Jumapili, 2 Februari

Nimehesabu pumzi zake kwa saa ya ukutani. Thelathini na mbili kwa dakika. Nikahesabu tena, thelathini na nne. Mtu mzima aliyetulia havuki ishirini. Nilikuwa nikiwapa wanafunzi swali hilo kila mtihani.

Pua zinatanuka anapovuta. Midomo si rangi yake. Kifua hakiinuki, tumbo ndilo linalofanya kazi, na lenyewe kidogo tu. Nimewaambia majirani homa ya malaria. Nimesema malaria kwa mdomo huu.

Saa kumi alasiri nimekata fundo kwa mkasi, halifunguki. Mistari ya kitambaa imemkaa ngozini mgongo mzima. Kakohoa, na kilichotoka kina rangi ya kutu. Nimempigia Rahma simu. Kaja na teksi katika nusu saa. Hajanilaumu kwa neno hata moja, na heri angenilaumu.

Jumatatu, 3 Februari

Hospitali. Tumelala hapa, yeye kitandani na mimi kitini.

Picha imetoka. Mbavu mbili zimevunjika, ya saba na ya nane, kushoto, kama nilivyozikuta mwenyewe. Wala si hizo zinazomuua. Sehemu ya chini ya pafu la kushoto pote peupe kwenye picha. Nimonia.

Daktari ni Salum. Salum wangu wa kidato cha pili, aliyekuwa akikaa dirishani. Sasa ana mvi mbili tatu. Kanibusu mkono, kanambia, "Shikamoo Mwalimu." Nikaitika marahaba. Kisha kamfunua mgonjwa, kaona mistari mgongoni. Kaniuliza kwa upole, kama mtu anayeona haya kuuliza:

"Mwalimu, nani aliyemfunga mzee?"

Nilisema, "Wifi yangu. Wa Makunduchi."

Lilitoka lenyewe. Salum katikisa kichwa, kasema wazee wetu wa shamba hawajui, si kosa lao, na kwamba kama asingefungwa pengine asingefika hapa. Na mimi nilitikisa kichwa pamoja naye. Nilitikisa kichwa!

Rahma alikuwa nje, kwenye dirisha la dawa. Hakusikia.

Jumatano, 5 Februari

Sijui nianzie wapi.

Mwanahawa kaja na uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Salum alikuwa akizungukia wagonjwa. Kauliza ni nani, kaambiwa dada yake mgonjwa wa Makunduchi. Basi kampeleka pembeni ya kitanda na kuzungumza naye. Hakumgombeza, Salum hana ukali. Kamweleza tu, kwa mikono yake, namna kifua kinavyotanuka na namna kitambaa kinavyokizuia. Kasema asimfunge mtu tena, anaweza kuua.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Chupa ya uji nimeishika mimi.

Mwanahawa hakukana. Kaniangalia mara moja. Nilidhani atasema. Lakini niliona usoni mwake kwamba hanishtaki, kwamba anakumbuka ile ncha ya kitambaa mkononi mwake, na kaamini. Mwanamke huyu kaamini ni yeye. Kainama kwenye sikio la kaka yake, homa imempanda, kamwambia, "Kaka, nisamehe." Kisha kajifunika uso kwa ushungi na kutoka.

Ningeweza kusema palepale. Ilikuwa nafasi ya maneno mawili: ni mimi. Nilimpa mgonjwa uji.

Alhamisi, 6 Februari

Bado anachoma joto. Mpira wa oksijeni puani. Nimemwomba Mungu amwache, halafu ndipo nitasema. Nafanya biashara na Mungu. Nimefika hapo.

Jumapili, 9 Februari

Joto limeshuka. Alhamdulillahi. Nimelia chooni.

Wamempa mazoezi. Akitaka kukohoa akumbatie mto ubavuni, akaze mto kwa mikono, kisha akohoe kwa nguvu. Na chupa ya maji yenye mrija: apulize mapovu, mara kumi kila saa, ili pafu lililolala lifunguke.

Nimemtengenezea nyingine kutoka nyumbani. Katika boksi langu la skuli kumebaki chupa ya plastiki niliyokuwa nikiisomeshea, nimeikata kitako, puto ndani ni pafu, na mpira uliovutwa chini ni kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu. Ukivuta kiwambo chini, puto linajaa. Watoto walikuwa wakipiga makofi. Nimeitazama chupa ile kwa muda mrefu, kisha nikairudisha na kuchukua nyingine nzima.

Mapovu yake ya kwanza yalikuwa manne. Kapumzika. Mawili.

Alhamisi, 13 Februari

Tumerudi nyumbani. Kapungua, shingo imebaki mishipa. Kapanda ngazi za nyumba kwa vituo vitatu, kila kituo kashika ukuta.

Swali lake la kwanza alipokaa kitandani: "Mwanahawa mbona haji?"

Nimesema yumo kwenye shamba la mwani, maji yanakupwa mbali kwa bamvua hili na wana kazi nyingi.

Jumapili, 16 Februari

Kauliza tena. Mwani, nikasema.

Jumatatu, 17 Februari

Kauliza. Nikasema nitampigia. Sikupiga.

Anavyouliza si kama mtu asiyejua. Anauliza, ananiangalia, anangoja kidogo, kisha anachukua chupa yake na kupuliza. Yeye anajua nani alimfunga. Alikuwa macho, kanambia mkono wangu dawa. Na Mwanahawa alimwomba msamaha sikioni. Kama homa haikuyafuta, basi ameshaweka hili na lile pamoja. Nalala nikiwaza hivyo, naamka nikiwaza hivyo.

Alhamisi, 20 Februari

Leo kajaribu. Alasiri, alidhani nimetoka. Kasimama dirishani, vidole masikioni kama afanyavyo mnarani, kaanza kwa sauti ya chini. "Allahu Akbar, Allahu Akbar." Zamani hizo mbili kwa pumzi moja, na akiba inabaki. Leo baada ya ya kwanza kavuta. Alipofika "hayya alas-salaah", ile anayoivuta ndefu mpaka watu wa sokoni wananyanyua vichwa, ilikatika katikati. Kakohoa. Kakumbatia mto.

Nilibaki uani na nguo za kuanika mkononi mpaka zikaniloanisha miguu. Nampenda huyu mtu. Sijawahi kuliandika neno hilo humu, kwa daftari zote nilizojaza.

Ramadhani imebaki siku kumi. Imamu kaja kumjulia hali, kamwambia mahali pake pako palepale. Baba Asha kamjibu kwamba kwa Ramadhani hii wamwachie kijana. Kasema kijana anajitahidi.

Jumapili, 23 Februari

Rahma katoka Makunduchi, kaenda na wenzake wa chuo kupima watoto uzito. Kaniambia huku akikata vitunguu, wala hakujua ananichoma.

Bibi Mwanahawa hafungi tena. Wiki iliyopita mwanamke wa nyumba ya tatu kajifungua, wamemwita, hakwenda. Wamemwita tena, kamtuma mtu kusema mikono yake haifai, karibu imuue kaka yake. Mzazi kafungwa na mtu asiyejua, kafungwa ovyo. Watu wanamuuliza kisa, naye anawaeleza mwenyewe. Anajitangaza. Anataka wamjue ili wasimwendee.

Rahma kaacha kisu, kaniuliza, "Bibi, kwani aliyemfunga babu ni yeye?"

Nikasema chumvi iko wapi.

Kanitazama kwa muda. Rahma si mjinga, mimi nimemsomesha. Kamaliza vitunguu, kanawa, kanibusu, kaenda zake. Hakuniuliza tena. Nimekaa na sufuria mpaka mchuzi ukaungua.

Ni mwanamke mwenye kazi moja anayoijua vizuri kuliko mtu yeyote kijijini, kazi ya mikono yake na ya mama yake kabla yake. Mkaja wa tumbo haukumdhuru mzazi wake hata mmoja. Aliniuliza kaka atavutaje pumzi. Yeye ndiye aliyeuliza! Na mimi nimemnyang'anya kazi yake kwa maneno manne ili Salum aendelee kuniita Mwalimu.

Jumanne, 25 Februari

Nimekwenda Makunduchi. Baba Asha nimemwambia nakwenda kumwona dada yake. Kasema, "Haya." Nilipofika mlangoni kasema, "Nenda salama."

Nilimkuta uani anakuna nazi. Kanikaribisha kama siku zote, kanipa mkeka, kanipa maji ya dafu. Kaniuliza hali ya kaka kwanza, kisha hali ya kaka tena. Kakonda. Sikuweza kuyanywa yale maji.

Nimemwambia. Sikuzunguka. Nimemwambia Salum aliniuliza nani kafunga nami nikamtaja yeye. Kwamba nilikuwa nimemfunga siku moja kabla yeye hajaja, na nikamkaza tena Ijumaa peke yangu baada ya yeye kuondoka. Kwamba alipokuwa akisomeshwa pale kitandani nilikuwa nimesimama na chupa ya uji wake.

Mbuzi ya nazi ikasimama. Jirani akapita, akatoa salamu, tukaitika wote wawili.

Kisha kasema, polepole, kwa lafudhi yake ya Kikae cha Makunduchi:

"Wifi, mimi nimelia wiki tatu kwa kosa la mtu mwengine. Nilikuwa nikiiangalia mikono yangu."

Nilipiga magoti. Kanizuia, kasema miaka yangu si ya kupigiana magoti uani. Nikamwomba anisamehe. Kasema kusamehe atasamehe, Ramadhani inaingia, hafungi na kitu moyoni. Lakini si leo. Na kwanza nikamwambie kaka, na yule daktari, kwa mdomo wangu, na hapa kijijini atanitaja kwa jina langu, hatanisitiri.

Nikasema sawa. Nilistahili zaidi.

Aliporudi kwenye nazi nikamwona anafuta macho kwa kiwiko. Nikaondoka bila ya kula. Kwa desturi za Mwanahawa hilo ni jambo kubwa, na hakunishika nguo nile.

Jumatano, 26 Februari

Siku ya kurudi kliniki. Salum kamsikiliza kifua, mbele na nyuma, kasema pafu linafunguka lakini chini kushoto pamebaki kovu. Atapata pumzi ya maisha ya kawaida. Ya kuadhini, hajui. Baba Asha kashukuru, kaanza kufunga vifungo vya kanzu.

Nikasema hapo hapo, kabla sijaogopa. "Salum, aliyemfunga ni mimi. Dada yake alinitahadharisha."

Kalamu yake ikakaa. Baba Asha akaendelea na vifungo, hakuinua kichwa.

Nilingoja Salum akasirike. Ningependa akasirike. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyemkuta mwalimu wake anaiba. Kasema:

"Mwalimu, ulinifunga mkanda mimi. Mbele ya darasa. Ukanipa puto nipulize."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau. Kila mwaka, somo la upumuaji: namwita mtoto mbele, namfunga mkanda wa skuli kifuani, nampa puto. Linabaki dogo kama limau. Namfungua, anapuliza tena, linajaa. Darasa zima linacheka. Nawaambia waandike: kifua kikibanwa, mbavu hazipandi, kiwambo hakishuki vyema, hewa haingii. Nimeliandika ubaoni mwaka hadi mwaka kwa mwandiko wangu huu huu. Salum kayajua ya kifua kwa mkanda ule, na alimweleza Mwanahawa kwa adabu jambo nililomfundisha mimi.

Kasema atampigia Bi Mwanahawa leo hii. Kaandika namba. Hakunibusu mkono tulipoaga. Kaniambia, "Nenda salama, Mwalimu," macho kwenye karatasi.

Nyumbani Baba Asha kakaa barazani. Nilimfuata. Nilitaka kueleza, lakini kwa nini? Nikakaa tu. Baada ya muda kasema:

"Nlimsikia Mwanahawa hospitali. Nikajua. Kisha nikawa nakungoja wewe."

Nikahesabu kimoyomoyo. Siku ishirini na moja. Alikuwa akipuliza mapovu na kuningoja. Nikamwambia anisamehe kwa kifua, na kwa ngazi, na kwa yale maneno ya Jumamosi. Kasema ya kifua alishasamehe zamani, ile ilikuwa huruma iliyokosea njia. Ya dada yake ndiyo bado inamuuma, nimpe siku.

Nimempa. Sina haki ya kuomba zaidi ya hiyo.

Ijumaa, 28 Februari

Mwanahawa kanipigia. Mazungumzo mafupi. Daktari amemwomba radhi, na yule mzazi wa nyumba ya tatu wamemwita tena, kaenda, kamfungua na kumfunga upya. Kasema kitambaa kilikuwa kimefungwa juu mno, karibu na mbavu.

Kisha kauliza kama kaka anakula.

Jumamosi, 1 Machi

Vunja jungu. Majirani wamepika, wamekula, sauti za watoto mtaa mzima. Sisi tumekula nyumbani, wali na kuku, sote watatu.

Rahma kafaulu mtihani wake. Nilimwomba radhi kwa siku ile ya Jumatano. Kasema, "Bibi, yashakwisha," kaniwekea paja la kuku. Kisha kasimama mbele ya kabati bila ya kuambiwa, kwa kunifurahisha. Mtulinga, kidari, mbavu. Saba za kweli, tatu za uongo, mbili zinaelea. Hakukosea. Jozi kumi na mbili, kasema, mwanamme na mwanamke sawasawa.

Tukangoja, mimi na yeye. Nilimwona Rahma anageuza kichwa upande wa baraza.

Baba Asha alikuwa akimenya chungwa. Ubavu wake pungufu hakuutaja. Aligawa chungwa vipande vitatu, kikubwa kapewa Rahma.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani mosi. Alhamdulillahi tumeifikia.

Yeye hafungi mwaka huu, amri ya daktari. Lakini kakaa nami mkekani Magharibi, tende moja mkononi, kungoja. Kijana kaadhini. Bado anatumia pua, lakini si mbaya. Baba Asha alimfuatisha chini kwa chini, neno kwa neno. Nilisikiliza pumzi yake na si adhana. Penye moja ya zamani, sasa mbili. Penye ile ndefu, tatu. Alipomaliza kanisogezea sahani ya tende kabla sijainyooshea mkono. Hatujazungumza mengi tangu Jumatano, lakini kanisogezea.

Mvua imeanza tukiwa kwenye uji. Ya kwanza mwaka huu, nzito. Ukumbini maji yakaanza kudondoka mahali palepale. Wote wawili tuliangalia juu.

Nikaenda uani, nikachukua ndoo, nikaiweka chini yake. Imetosha. Halikumwagika nje hata tone moja.